Upasuaji wa Miguu kwa Mwenye Baridi Yabisi: Kuanzia Kiatu hadi Kutolewa Waya

Baridi yabisi inayoelezwa hapa ni ile ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando laini uliovika viungo kwa ndani. Si maumivu ya uzeeni yanayoletwa na kusagika kwa gegedu, ingawa mtu anaweza kuwa na yote mawili. Rumatoidi hupenda viungo vidogo, na miguu imejaa viungo vidogo. Wagonjwa wengi huanza kulalamikia miguu mapema kabisa, lakini kliniki huangaliwa mikono, kwa kuwa mikono haina viatu. Vueni viatu na soksi kila mnapokwenda kliniki, hata kama hamjaambiwa.

Tuseme mapema lengo la upasuaji, maana wengi huingia chumba cha upasuaji na matarajio yasiyo yake. Linalotafutwa ni mguu unaokanyaga bapa, unaoingia kwenye kiatu, usiouma na usiotoka vidonda. Vidole vilivyonyooka ni nyongeza tu. Anayetaka kusimama jikoni na kutembea hadi sokoni bila maumivu atafaidika. Anayetaka kurudia viatu vya kisigino kirefu aelezwe ukweli kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya 1: Jueni ni sehemu gani iliyoharibika

Mguu hugawanywa sehemu tatu, na kila moja ina operesheni zake.

Sehemu ya mbele ndiyo huharibika mara nyingi zaidi. Utando uliovimba hulegeza kano zinazoshika vidole. Vidole vinne vidogo hukunjika kama makucha na kupanda juu ya vichwa vya mifupa mirefu ya wayo, ile inayoitwa metatarsali. Mto wa mafuta ambao kwa kawaida hukaa chini ya vichwa hivyo husukumwa mbele pamoja na vidole, na mifupa hubaki ikikanyaga ngozi tupu. Hapo mgonjwa husema anahisi anatembea juu ya kokoto. Sugu nene hutokea chini ya unyayo, na juu ya vidole hutokea malengelenge kila vinaposuguana na kiatu. Gumba nalo huegemea vidole vingine na kuacha nundu upande wa ndani.

Sehemu ya kati na ya nyuma huharibika polepole. Upinde wa mguu hulala na kisigino huegemea nje. Mtazameni mgonjwa kwa nyuma akiwa amesimama. Ikiwa vidole vingi vinaonekana upande wa nje wa mguu mmoja kuliko mwingine, na hawezi kunyanyua kisigino akisimama kwa mguu huo peke yake, kano inayoshikilia upinde imechoka au imekatika. Kifundo cha mguu chenyewe huharibika baadaye kidogo, na mara nyingi maumivu ambayo mgonjwa anayasema ni ya kifundo yanatoka kwenye kiungo kilicho chini yake, kati ya talasi (mfupa unaokaa juu ya kisigino) na mfupa wa kisigino. Ndiyo maana picha ya eksirei ipigwe akiwa amesimama, uzito wote mguuni. Picha ya mgonjwa aliyelala huficha ubapa wa mguu na huonyesha nafasi za viungo ambazo hazipo.

Hatua ya 2: Maliza yasiyohitaji kisu

Dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe, methotreksati ikiwa ya kwanza, ndizo zimepunguza haja ya upasuaji kuliko jambo lingine lolote. Kumpasua mgonjwa ambaye ugonjwa wake bado unawaka ni kujenga ukuta penye maji. Aonwe kwanza na daktari wa rumatoidi au bingwa wa magonjwa ya ndani.

Kisha kiatu. Kinachotakiwa ni kiatu kipana na chenye kina mbele ili vidole vilivyokunjika visiguse juu, chenye soli ngumu iliyoinuliwa kidogo ncha ya mbele ili mguu ubingirike bila vidole kukunjwa. Ndala na kandambili humlazimisha mtu kuzibana kwa vidole, na hicho ndicho viungo hivi visichokiweza. Ndani ya kiatu huwekwa kipande cha mto kinachobeba uzito badala ya vichwa vya metatarsali. Hapa mafundi wengi hukosea: hukiweka chini kabisa ya sehemu inayouma, kisha maumivu yanazidi. Mto ukae nyuma ya vichwa hivyo, takriban sentimita 1 kuelekea kisigino. Njia rahisi ya kupapata ni kupaka sugu rangi ya mdomo, kumvalisha mgonjwa kiatu, asimame, avue. Alama itakayobaki kwenye soli ya ndani huonyesha kichwa cha mfupa kilipo, na mto hubandikwa nyuma yake. Wataalamu wa vifaa tiba vya viungo, kama wale wanaofunzwa katika kituo cha TATCOT, Moshi, ndio wa kuwaendea kwa soli za kupimwa mguuni.

Sugu ipunguzwe na muuguzi au mtaalamu wa miguu. Wembe nyumbani, kwa mtu anayemeza prednisoloni na mwenye ngozi nyembamba, huleta kidonda kisichofunga.

Upasuaji huzungumzwa pale maumivu yanapoendelea kwa miezi 3 hadi 6 pamoja na dawa na viatu sahihi, pale mguu unapozidi kupinda, au pale vidonda vinapojirudia juu ya mfupa ule ule. Kano ya upinde ikikatika, msikawie. Mguu unaonyooka ukishikwa kwa mkono una njia nyingi za kutengenezwa kuliko ule uliokwisha kugandama.

Hatua ya 3: Pangeni lipi litangulie

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na nyonga, goti, kifundo na vidole vyote vibovu. Kanuni ya jumla ni kutoka juu kwenda chini: nyonga, goti, kisigino na kifundo, mwisho vidole. Sababu ni rahisi. Goti lililopinda likinyooshwa, namna mguu unavyokanyaga hubadilika, na kazi nzuri iliyofanywa mguuni kabla yake huharibika. Vivyo hivyo kisigino kilichoegemea nje kitarudisha gumba lilipokuwa.

Kanuni hiyo ina pengo moja muhimu. Ikiwa kuna kidonda wazi mguuni, kitibiwe na kifunge kwanza, hata kwa kupasua mguu kabla ya goti. Vijidudu vya kidonda cha kidole husafiri kwa damu na kukaa kwenye goti au nyonga bandia, na hilo ni janga.

Hatua ya 4: Maandalizi

Hapa ndipo tungependa muda mwingi zaidi utumike.

Shingo. Rumatoidi hulegeza kano kati ya pingili mbili za kwanza za shingo. Daktari wa usingizi akiinamisha kichwa nyuma ili aingize mpira wa hewa, uti wa mgongo unaweza kubanwa. Kabla ya operesheni ipigwe eksirei ya shingo ya ubavuni, mgonjwa akiinama na akiinua kichwa mwenyewe. Kwa mtu mzima nafasi kati ya upinde wa mbele wa pingili ya kwanza na jino la pingili ya pili ikizidi milimita 3, hiyo si kawaida na daktari wa usingizi aambiwe. Nafasi ya uti wenyewe nyuma ya jino ikiwa chini ya milimita 14, bingwa wa uti wa mgongo aonwe kwanza. Mgonjwa aseme pia kama taya halifunguki vizuri au sauti imekuwa ya mkwaruzo. Mara nyingi ganzi ya mgongo au ya mishipa ya fahamu ya mguu hutosha na kuondoa sehemu kubwa ya hatari hii.

Damu kufika mguuni. Mapigo yapapaswe juu ya wayo na nyuma ya fundo la ndani. Yasipopatikana, kipimo cha mtiririko wa damu kifanywe kabla ya kupanga tarehe.

Dawa. Hapa kuna makosa ya pande mbili: kuacha zote, au kuendelea na zote. Chama cha wataalamu wa rumatolojia cha Marekani (ACR), pamoja na wapasuaji wa nyonga na magoti, kilitoa mwongozo mwaka 2017 na kuuhuisha mwaka 2022. Uliandikwa kwa ajili ya viungo bandia vya nyonga na goti, lakini wapasuaji wa miguu wanaufuata pia. Methotreksati, haidroksiklorokwini, salfasalazini na leflunomidi ziendelee. Wengi huogopa methotreksati, ilhali utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2001 kwa wagonjwa 388 ulionyesha kinyume cha hofu hiyo: walioendelea nayo walipata maambukizi au matatizo ya upasuaji kwa asilimia 2, waliosimamishwa asilimia 15. Isimamishwe tu ikiwa kuna maambukizi au figo zimeyumba. Na ikumbukwe kwamba humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kosa hilo hutokea wodini na linaweza kuua.

Sindano za kibaiolojia, zile zinazozuia sehemu mahususi ya kinga ya mwili, zina hesabu yake: operesheni huwekwa pale dozi inayofuata ilipotarajiwa, na dozi hiyo hurukwa. Anayechoma adalimumabu kila wiki 2 apasuliwe wiki ya 3. Aliyechoma tarehe 1 asichome tarehe 15, na operesheni iangukie wiki inayoanza siku hiyo. Etanasepti ya kila wiki, wiki ya 2. Rituksimabu ya kila miezi 6, mwezi wa 7. Vidonge vya tofasitinibu husimama siku 3 kabla. Dawa hizi hurudishwa takriban siku 14 baada ya operesheni, kidonda kikiwa kimeshikana, nyuzi zimetolewa na hakuna usaha.

Prednisoloni isikatwe ghafla kamwe. Aliyeimeza kwa miezi, tezi zake zimelala. Akiiacha, shinikizo la damu linaweza kuporomoka katikati ya operesheni. Ameze dozi yake ya kila siku, hata asubuhi ya upasuaji. Lakini miezi kabla, ijaribiwe kushushwa chini ya miligramu 20 kwa siku, kwa sababu juu ya hapo vidonda hukawia na maambukizi huongezeka.

Sigara iachwe angalau wiki 4 hadi 6 kabla, na isirudiwe mpaka mfupa uungane. Damu, sukari na vitamini D vipimwe.

Mikono. Hili husahaulika kuliko yote. Mgonjwa hupewa magongo ya kawaida siku ya tatu, halafu inagundulika kwamba viganja, viwiko na mabega yake hayawezi kubeba mwili. Ajaribishwe vifaa vya kutembelea wiki kadhaa kabla. Wenye viganja vibovu huhitaji fremu yenye mahali pa kulaza mkono wa mbele, uzito ukae kwenye kigasha. Ikishindikana, kiti cha magurudumu kikodishwe mapema.

Nyumbani. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki kwa mtu anayekanyaga kisigino tu. Tafuteni kiti chenye tundu. Bodaboda iwekwe kando kwa miezi. Waislamu waulize mapema kuhusu swala: gumba lililounganishwa halikunjiki tena, hivyo kukaa na kusujudu huku vidole vimekunjwa hakutawezekana, na kiti kitahitajika. Ni vizuri mtu akubali hilo kabla kuliko kuligundua baada.

Hatua ya 5: Operesheni yenyewe

Sehemu ya mbele. Operesheni iliyozoeleka kwa mguu ulioharibika sana ina sehemu mbili: kuunganisha kiungo cha chini cha gumba, na kukata vichwa vya metatarsali nne zilizobaki.

Kwa gumba, gegedu iliyobaki hukwanguliwa mpaka mfupa utoe damu, nyuso mbili hubanwa pamoja na kushikwa kwa skrubu mbili zilizopishana au bamba la juu na skrubu. Mfupa ukiwa laini kama wa waliotumia prednisoloni miaka mingi, waya nene hushika vizuri kuliko skrubu. Pembe ndiyo kila kitu: gumba lielekee nje nyuzi 10 hadi 15, na liinuke nyuzi 20 hadi 30 kutoka kwenye mstari wa metatarsali yake, bila kuzunguka. Mpasuaji huukandamiza unyayo kwenye bamba bapa akiwa bado mezani. Nyama ya gumba iguse bamba kidogo tu. Likiinuka mno, ukucha hugonga kiatu na uzito hurudi kwenye vidole vingine. Likishuka mno, mgonjwa hukanyaga ncha ya gumba na kiungo cha juu yake huanza kuuma.

Kwa vidole vidogo, mpasuaji huingia kwa mipasuo miwili juu ya wayo au kwa mpasuo mmoja chini ya unyayo. Ule wa chini humwezesha kukata kipande cha ngozi chenye sugu na kurudisha mto wa mafuta mahali pake, na kinyume na hofu ya wengi, kovu lake hupona vizuri likikaa nyuma ya sehemu inayokanyaga. Vichwa hukatwa kwa mpangilio wa upinde: wa pili uwe mrefu kidogo, kisha wa tatu, nne na tano vishuke taratibu. Kingo za chini hulainishwa kwa mlalo. Mfupa mmoja ukiachwa mrefu, au ncha kali ikibaki, sugu itarudi pale pale ndani ya mwaka, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kurudi mezani. Mwisho kila kidole hunyooshwa na kushikwa na waya, kwa kawaida wa milimita 1.6, unaochomoza kwenye ncha.

Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umedhibitiwa na viungo bado vina gegedu, ipo njia ya kuhifadhi vichwa. Metatarsali hukatwa kwa mshazari, sambamba na unyayo, kichwa husogezwa nyuma milimita chache na kufungwa kwa skrubu ndogo. Njia hii imeenea, hasa Japani, tangu dawa zilipoboreka. Kasoro yake ni kidole kuelea bila kugusa chini, na ugonjwa ukiwaka tena kiungo kilichohifadhiwa huharibika.

Sehemu ya nyuma. Kiungo cha talasi na navikula (mfupa mdogo ulio mbele ya talasi, upande wa ndani) kikiharibika peke yake, kuunganisha hicho kimoja huzuia upinde usiendelee kuporomoka. Mguu ukishaegemea nje na kugandama, huunganishwa viungo vitatu pamoja: chini ya talasi, talasi na navikula, kisigino na kuboidi (mfupa ulio mbele ya kisigino, upande wa nje). Kisigino huachwa kikielekea nje nyuzi 5 hivi. Kikiachwa kimeelekea ndani, mgonjwa atatembea kwa ukingo wa mguu maisha yake yote.

Kifundo. Chaguo ni kuunganisha au kuweka kiungo bandia. Kuunganisha ni kwa uhakika na hufanyika katika hospitali nyingi zenye bingwa wa mifupa. Lakini mwenye rumatoidi mara nyingi viungo vya jirani navyo ni vibovu, na kifundo kikifungwa hubeba mzigo zaidi. Kiungo bandia huhifadhi mwendo na kinafaa kwa wenye ugonjwa miguu yote miwili, mradi mfupa uwe imara, ngozi iwe nzima na pasiwe na maambukizi. Kinahitaji mpasuaji anayekifanya mara kwa mara. Pasipo huyo, tunashauri kuunganisha.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Antibayotiki, kwa kawaida sefazolini gramu 2, itolewe ndani ya saa moja kabla ya kukata ngozi. Mkanda wa kuzuia damu ukifunguliwa, vidole vihesabiwe kimoja kimoja: kila kimoja kigeuke rangi ya damu. Kwa watu weusi rangi hutazamwa chini ya ukucha na kwenye nyama ya ncha. Kidole kilichokaa miaka kimekunjwa, mishipa yake ya damu imefupika, na kukinyoosha ghafla huibana. Kisiporudi rangi: legeza bendeji, shusha mguu, upashe joto, kisogeze kidole nyuma kando ya waya kipate kulegea. Bado hakirudi, waya utolewe usiku ule ule. Afadhali kidole kipinde kidogo kuliko kufa. Muuguzi wa zamu aachiwe maagizo haya kwa maandishi.

Hatua ya 7: Wiki baada ya wiki

Wiki 2 za kwanza mguu ukae juu ya usawa wa moyo, dakika 50 kati ya kila 60. Kiti na kigoda havitoshi. Lala, weka mito. Uvimbe ndio unaopasua mishono. Sindano za kuzuia damu kuganda ziamuliwe na daktari kulingana na hali ya mtu.

Nyuzi kwa watu wengine hutoka siku ya 14. Kwa mwenye ngozi nyembamba ya prednisoloni, ngojeni hadi wiki ya 3.

Aliyefanyiwa sehemu ya mbele anaweza kukanyaga kwa kisigino akiwa na kiatu maalumu cha soli ngumu, mara nyingi ndani ya siku chache. Waya hutolewa wiki ya 4 hadi 6, kliniki, bila ganzi, kwa sekunde chache. Kabla ya hapo zisiloweshwe, zisivutwe, na ukichomoza zaidi usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi na urudi hospitali. Kuunganika kwa gumba hukaguliwa kwa eksirei wiki ya 6 hadi 8.

Aliyeunganishwa kisigino au kifundo hukaa na plasta, ile wengi huiita hogo, bila kukanyaga kabisa wiki 6, kisha hukanyaga taratibu akiwa na plasta au buti ngumu wiki 6 nyingine. Wanaokanyaga mapema kwa sababu maumivu yamepungua ndio wanaorudi na skrubu zilizovunjika. Maumivu yakiendelea mwezi wa 4, mahali pawe na joto na eksirei ionyeshe mstari mweusi kati ya mifupa, haijaunganika.

Rudini hospitali siku hiyo hiyo mkiona usaha, wekundu au weusi unaosambaa kutoka kwenye mshono, kidole kilichobadilika rangi na kuwa baridi, homa, au maumivu ya shavu la mguu yenye uvimbe. Kwa anayetumia dawa za kushusha kinga, homa inaweza isipande hata maambukizi yakiwa makubwa, kwa hiyo kidonda kinachoanza kutoa maji baada ya kukauka kichukuliwe kuwa ni maambukizi mpaka daktari aseme vinginevyo.

Uvimbe mdogo wa jioni huendelea miezi 6 hadi 12, na kiatu kipya kisinunuliwe kabla haujatulia. Kipimwe jioni, mgonjwa akiwa amesimama, soli yake ya ndani ikiwa imo. Mguu wa pili, kama nao unahitaji kazi, upangwe pale wa kwanza utakapoweza kuubeba mwili peke yake, isipokuwa sehemu ya mbele, ambayo baadhi ya wapasuaji huifanya miguu yote kwa mara moja, kwa kuwa mgonjwa anaweza kutembea kwa visigino vyote viwili.